Arsenio Rodríguez: Kipofu aliyeipa salsa uti wa mgongo

YEYOTE anayetafuta chimbuko la salsa, jazi ya Kilatini na funk ya Waafrika wa Cuba hatimaye hufika kwa mtu mmoja ambaye hakubahatika kuonja utamu wa jasho lake. Mtu huyo ni marehemu Arsenio Rodríguez, mpiga gitaa aliyekuwa kipofu tangu utotoni.

Arsenio alizaliwa Agosti 1911 katika mkoa wa Matanzas nchini Cuba. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Ignacio. Utumwa ulikuwa umekomeshwa kisiwani humo mwaka 1886, miaka 25 tu kabla ya kuzaliwa kwake. Jamaa zake walikuwa wazawa wa Wakongo waliovushwa bahari kwenda kutumikishwa katika mashamba ya miwa, na ngoma, lugha na mila za Kikongo zilikuwa bado hai nyumbani kwao.

Alipokuwa na umri wa takriban miaka saba, alipigwa teke la kichwa na mnyama wa kazi, akapoteza uwezo wa kuona. Kijana huyo aliyefungiwa mlango wa macho alifunguliwa ule wa masikio. Alijifunza ngoma, kisha akakumbatia tres, gitaa dogo la Cuba lenye jozi tatu za nyuzi. Ustadi wake ulimpatia lakabu ya Kipofu wa Ajabu.

Sifa zake zilianza kuvuma mwaka 1937, wakati Orquesta Casino de la Playa, bendi iliyopendwa na matajiri wa Havana, iliporekodi utunzi wake uitwao Bruca Maniguá. Wimbo huo unaeleza kilio cha mtumwa wa Kiafrika anayeutamani uhuru. Hivyo matajiri wakajikuta wakicheza densi kwa kilio cha mtumwa.

Mnamo miaka ya 1940 Arsenio aliunda bendi yake, na hapo ndipo alipofanya mapinduzi. Bendi za son, muziki uliotamba Cuba wakati huo, zilikuwa na gitaa, besi, ngoma ndogo za bongo na tarumbeta moja. Yeye aliongeza tarumbeta, akaleta piano, kisha akaingiza ngoma ndefu ya konga. Wenye vyeo walikuwa wakiidharau ngoma hiyo, wakiihesabu kuwa ya mitaa ya maskini weusi. Arsenio aliiweka katikati ya ukumbi.

Aidha, alirefusha sehemu ya mwisho ya wimbo, ambapo mwimbaji na waitikiaji hupokezana huku ala zikipandisha mori wa wachezaji. Mtindo huo ulijulikana kama son montuno. Kila ala ilipewa mdundo wake, na yote ikafumwa pamoja mithili ya ukili wa mkeka. Huo ndio mfumo ambao bendi za salsa ziliurithi.

Mwaka 1947 alisafiri hadi New York, Marekani, kumwona daktari mashuhuri wa macho, akitumaini kwamba angeona tena. Daktari alimweleza kuwa hapakuwa na tiba. Kutokana na huzuni hiyo alitunga La vida es un sueño, yaani maisha ni ndoto, bolero ambayo inaimbwa hadi leo.

Baadaye aliiacha bendi yake mikononi mwa mpiga tarumbeta Félix Chappottín, akahamia Marekani. Huko mambo hayakumnyookea. Kumbi kubwa za New York zilitawaliwa na okestra za Machito, Tito Puente na Tito Rodríguez, ambazo zilipiga kwa kasi na mbwembwe. Wakati Pérez Prado akipata utajiri na umaarufu kwa muziki wa mambo, Arsenio alishikilia kuwa mbegu ya muziki huo ilitoka kwake. Madai hayo hayakumletea fedha.

Alifariki Desemba 1970 mjini Los Angeles akiwa na umri wa miaka 59, bila ya ukwasi. Alizikwa katika jimbo la New York.

Mkono wa buriani ulikuwa bado haujashushwa salsa ilipolipuka. Mwaka 1971 mpiga piano Larry Harlow wa kampuni ya Fania alitoa albamu nzima ya kumuenzi. Johnny Pacheco, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, naye alikuwa ameijenga bendi yake kwa kufuata muundo wa Arsenio.

Kwa wasikilizaji wa Afrika, kisa hiki kina uzito wa pekee. Kuanzia miaka ya 1930, santuri za Cuba ziliuzwa katika nchi za Kongo, ambako vijana walizisikia na kutambua midundo ya mababu zao. Kutokana na muziki huo ilizaliwa rumba ya Kongo, ambayo baadaye iliteka kumbi za Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam.

Ngoma iliyovushwa baharini kwa minyororo ilirudi kwa njia ya santuri. Miongoni mwa walioitunza ugenini bila kuionea haya ni kipofu huyu, mzawa wa Wakongo, aliyekufa bila kuvuna alichopanda.