Oscar Kambona: Mtoto wa Ziwa Nyasa na swali la nyumba za kupangisha

OSCAR Salathiel Kambona hukumbukwa zaidi kwa mambo mawili. La kwanza ni maasi ya askari ya Januari 1964, alipokwenda kuwakabili wanajeshi wenye hasira wakati viongozi wakuu wa nchi wakiwa mafichoni. La pili ni safari yake ya Julai 1967, alipoikimbia nchi ambayo alikuwa amesaidia kuipatia uhuru.

Kuna jambo la tatu ambalo huzungumzwa kwa nadra. Kambona aliondoka madarakani katika miezi ileile ambayo Tanzania ilikuwa ikiamua nani agharimie nyumba ya mwananchi wa kipato cha chini mjini, na iwapo kiongozi wa umma anaruhusiwa kuwa mwenye nyumba anayekusanya kodi ya pango. Uamuzi huo uligusa maisha ya wengi kuliko ugomvi wa watu wawili.

Kambona alizaliwa mwaka 1928 katika kijiji cha Kwambe, karibu na Mbamba Bay, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Eneo hilo wakati huo lilikuwa sehemu ya Songea, baadaye likawa chini ya Wilaya ya Mbinga, na sasa lipo katika Wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma. Baba yake, David Kambona, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa mwanzo nchini kupewa upadri katika Kanisa la Anglikana. Mtoto huyo alifundishwa kwanza nyumbani, kisha akasoma katika shule ya misheni ya Mtakatifu Barnaba, Liuli, si mbali na kwao.

Katika ufukwe huo, kama ilivyo katika milima ya Wamatengo kule Mbinga, nyumba haikuwa bidhaa. Kijana aliyefikia umri wa kuoa alionyeshwa mahali na wazee wake, ndugu na majirani wakasaidia kukandika udongo, kukata miti na kuezeka nyasi. Hapakuwa na mkopo, riba wala kodi ya mwisho wa mwezi. Gharama ya nyumba ilikuwa nguvu za watu, na aliyesaidiwa leo alitarajiwa kusaidia kesho.

Masomo yalimtoa Kambona katika mazingira hayo. Alikwenda Alliance, Dodoma, kisha Shule ya Serikali ya Wavulana Tabora. Huko Tabora ndiko alikofahamiana na mwalimu kijana wa Shule ya Mtakatifu Maria, Julius Nyerere. TANU ilipoanzishwa Julai 7, 1954, Kambona alikuwa mwalimu. Baada ya muda mfupi aliacha kazi hiyo akawa katibu mwenezi na mwandaaji wa chama, kazi iliyomtembeza nchi nzima, kabla ya kwenda London kusomea sheria.

Dar es Salaam aliyoikuta ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Uzunguni kulikuwa na bustani na barabara za lami, Uhindini kulikuwa na maduka na ghorofa, na Waafrika waliishi Kariakoo, Ilala na pembezoni. Nyumba ya kawaida ya Uswahilini ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati, na uani jiko na choo. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Kwa vibarua waliomiminika kutoka bara, chumba hicho kimoja ndicho kilichokuwa makazi.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za kota Ilala, Temeke na Magomeni. Nyumba hizo zilikuwa chache mno zikilinganishwa na watu waliohitaji.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Kambona alikuwa Waziri wa Elimu. Aliendelea kuwa waziri wa Mambo ya Ndani, kisha Mambo ya Nje na Ulinzi, huku akiwa Katibu Mkuu wa TANU na mwenyekiti wa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, yenye makao Dar es Salaam. Alikuwamo katika Baraza la Mawaziri lililofanya maamuzi makubwa ya kwanza kuhusu makazi ya mijini.

Mwaka 1962 liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka uliofuata sheria ilifuta umiliki wa ardhi wa kudumu na kuugeuza kuwa upangaji wa miaka 99 chini ya serikali. Lengo lilikuwa kuzuia ardhi isiwe mali ya kununuliwa na wachache na kuwaacha wengi wakiwa wapangaji katika nchi yao.

Shirika lilipewa kazi ya kuondoa vibanda. Katika Magomeni na sehemu nyingine za jiji, nyumba za miti na udongo zilibomolewa, na mahali pake zikajengwa nyumba za matofali ya saruji zenye bati. Mwenye nyumba ya zamani alipewa mpya na kuilipia kidogo kidogo kwa mkopo wa Shirika.

Katika Mpango wa Kwanza wa Maendeleo wa miaka mitano, kuanzia 1964, zilijengwa nyumba zaidi ya 5,000. Hata hivyo, sehemu kubwa ilichukua nafasi ya nyumba zilizobomolewa. Fedha za umma zilitumika, mtaa ukapendeza, lakini idadi ya vyumba jijini haikuongezeka kwa kiasi kilichotakiwa. Wakati huohuo wageni kutoka mikoani waliendelea kuingia, wakajenga wenyewe Manzese na kwingineko bila ramani wala kibali.

Tatizo lingine lilikuwa la mkopo. Benki ilimkopesha mwenye mshahara wa uhakika na hati ya kiwanja, na waliokuwa na vyote viwili walikuwa maofisa wa serikali na viongozi wa siasa. Baadhi yao walikopa, wakajenga nyumba nzuri, wakazipangisha kwa kodi iliyolipa deni na kuacha faida. Kwa mtazamo wao hawakuwa wameiba. Walikuwa wanajiwekea akiba ya uzeeni. Kwa mtazamo wa Mwalimu Nyerere, hapo ndipo tabaka jipya la makabaila lilipokuwa likizaliwa, ndani ya chama chenyewe.

Azimio la Arusha la Februari 5, 1967 lilikata shauri. Miiko ya uongozi iliyomo ndani yake ilimkataza kiongozi wa TANU au wa serikali kuwa na hisa katika makampuni, kuwa na mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba ya kupangisha. Siku chache baadaye mabenki yalikuwa mikononi mwa taifa, na kwa hiyo fedha za kukopesha wajenzi nazo zikawa za umma.

Wengi walitii kwa shingo upande. Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa TANU aliyekuwa na nyumba za kupangisha, alijiuzulu katika kamati ya chama. Kambona naye hakuficha kwamba hakuridhika. Inaelezwa kwamba alitaka ujamaa ujaribiwe kwanza katika maeneo machache kabla ya kuenezwa nchi nzima, na kwamba alikuwa na wasiwasi na mfumo wa chama kimoja uliowekwa kisheria mwaka 1965.

Wakati huo alikuwa Waziri wa Tawala za Mikoa. Katika mabadiliko ya Juni 1967 alihamishiwa Wizara ya Serikali za Mitaa na Maendeleo Vijijini. Muda mfupi baadaye alijiuzulu uwaziri na nafasi zake katika chama. Mwezi uliofuata aliondoka na familia yake kwa gari kwenda Kenya, na kutoka huko akasafiri hadi London.

Yaliyofuata yalikuwa machungu. Nyerere alihoji hadharani kiongozi mwenye mshahara wa waziri alikuwa amepata wapi fedha nyingi alizoweka benki. Kambona alikanusha tuhuma za ulaji. Ndugu zake wawili, Otini na Mattiya, walikamatwa mwaka 1967 na kuwekwa kizuizini hadi 1978. Katika kesi ya uhaini iliyosikilizwa mwaka 1970, ambayo Bibi Titi alikuwa mmoja wa washtakiwa, Kambona alitajwa kuwa kinara akiwa hayupo mahakamani. Alikana shutuma hizo akiwa Uingereza.

Nyuma yake, sera ya nyumba ilichukua mkondo mkali zaidi. Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya Sh 100,000 ambayo wenyewe hawakuwa wakiyakalia. Majengo hayo, mengi yakiwa ya raia wenye asili ya Asia, yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Serikali ikawa mwenye nyumba mkubwa kuliko wote mijini, ikipangisha kwa kodi nafuu.

Lakini kodi nafuu haikutosha kukarabati majengo, achilia mbali kujenga mapya. Mwaka 1972 serikali iliamua kuachana na ubomoaji wa vibanda. Benki ya Nyumba Tanzania ilianza kazi mwaka 1973, na mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ukaanza mradi wa viwanja na huduma. Serikali iligharimia barabara, mabomba na upimaji wa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, pamoja na kuboresha Manzese. Mwananchi alitakiwa ajenge mwenyewe kwa mkopo. Waajiri walitozwa asilimia mbili ya mishahara kwa ajili ya mfuko wa nyumba za wafanyakazi na wakulima.

Kwa namna fulani mpango huo ulikuwa karibu na desturi ya ufukwe wa Nyasa: mji uonyeshe mahali, mtu ajenge. Tofauti ni kwamba mjini saruji ilinunuliwa kwa fedha taslimu, na majirani hawakuwa ndugu. Viwanja vingi vilivyokusudiwa kwa wenye kipato cha chini viliishia kwa wenye uwezo. Madeni hayakulipwa ipasavyo, na Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995.

Kambona alirejea nchini mwaka 1992, baada ya miaka 25 ugenini, vyama vingi vilipokuwa vimeruhusiwa. Kurudi kwake kulizua mjadala kuhusu uraia wake, na chama alichokiongoza, TADEA, hakikupata nguvu. Alikuta nchi nyingine kabisa. Februari 1991, kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar kilikuwa kimelegeza miiko ya Arusha, na kiongozi sasa aliruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Jambo lililowafukuza wengine katika siasa mwaka 1967 lilikuwa limeondolewa bila kishindo.

Alifariki London mwaka 1997. Hakuona serikali ikiwauzia watumishi wake nyumba za umma kuanzia mwaka 2002, uamuzi uliolalamikiwa kwa miaka mingi. Wala hakuona Machi 2022, pale Magomeni Kota, zilipozinduliwa nyumba 644 katika maghorofa yaliyojengwa kwa fedha za serikali kwa ajili ya familia zilizokuwa zimehamishwa miaka kumi hivi kabla.

Historia bado haijampa Kambona hukumu moja. Wapo wanaomwona kama aliyeona mbali hatari ya haraka, na wapo wanaomwona kama aliyeshindwa kuachia tamaa. Katika suala la nyumba, pande zote mbili zina hoja ya kujibu. Miiko ya uongozi ilizuia fedha za umma zisigeuke kuwa majumba ya wakubwa, lakini katazo peke yake halikujenga chumba hata kimoja. Kuondolewa kwa miiko kuliruhusu watu kujenga, lakini hakukumhakikishia mfanyabiashara ndogondogo wa Manzese kwamba mkopo ungemfikia.

Kule Kwambe na Mbamba Bay, na milimani Mbinga, watu wanaendelea kuchoma matofali yao wenyewe na kujenga chumba kimoja kimoja, kadiri samaki na kahawa zinavyoleta fedha. Kijana anayetoka huko kwenda Dar es Salaam bado huanza kwa kutafuta chumba cha kupanga.