Kazadi Mwamba na zile dakika 21

Hapa Kakanda wazee wakizungumza juu ya mpira wa zamani, jina la Kazadi Mwamba halikawii kutajwa. Kwa bahati mbaya wengi wanamkumbuka kwa dakika 21 tu. Tunaona si haki.

Kazadi alizaliwa mwaka 1947 Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Alikuwa mlinzi wa goli wa TP Englebert, ambayo sasa tunaiita Mazembe, timu iliyoanzishwa na wamisionari Wabenediktini mwaka 1939 (hapo tuwape Wakatoliki haki yao). Englebert ilitwaa kombe la klabu bingwa za Afrika mwaka 1967, na tena mwaka 1968. Mwaka huohuo wa 1968, huko Addis Ababa, Kongo iliifunga Ghana 1-0 ikabeba Kombe la Mataifa ya Afrika. Mwaka 1974 Zaire ikalibeba tena Misri, baada ya kurudia mechi na Zambia.

Miezi michache baadaye wakaenda Ujerumani, nchi ya kwanza ya kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Scotland iliwafunga 2-0. Kisha wachezaji wakasikia kwamba pesa zao hazitalipwa, wakataka kugoma. Wakaingia uwanjani Gelsenkirchen, tarehe 18 Juni, mioyo imevunjika. Yugoslavia ikafunga matatu upesi, na dakika ya 21 kocha Vidinić akamtoa Kazadi, akamwingiza Dimbi Tubilandu. Vidinić mwenyewe aliwahi kuwa mlinzi wa goli.  Tubilandu akafungwa sita. Basi kosa halikuwa la mikono ya Kazadi peke yake, ingawa yeye ndiye aliyeaibishwa.

Beki Mwepu Ilunga alisimulia baadaye kwamba watu wa Mobutu waliwatisha: wakifungwa na Brazil zaidi ya matatu, wasirudi nyumbani. Nani angependa kusimama golini siku ile, mbele ya mabingwa wa dunia? Tarehe 22 Juni, siku nne tu baada ya aibu ile, aliyesimama alikuwa Kazadi. Brazil walifunga matatu, wakaishia hapo, na timu ikarudi nyumbani.

Kazadi alifariki mwaka 1996, hajafikisha miaka 50.