Annadurai: Mwandishi wa filamu aliyelipa jimbo lake jina la Kitamil

Februari 3, 1969, mji wa Madras, ambao leo unaitwa Chennai, uligubikwa na simanzi kubwa. Waziri Kiongozi wa jimbo, Conjeevaram Natarajan Annadurai, alikuwa amefariki dunia akiwa na umri wa miaka 59. Watu walimiminika kutoka kila wilaya kumsindikiza, na kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kilikadiria waombolezaji kufikia milioni 15. Ni viongozi wachache mno walioagwa kwa namna hiyo, na ni wachache zaidi walioanzia safari yao katika jukwaa la maigizo.

Annadurai alizaliwa Septemba 15, 1909 katika mji wa Kanchipuram, kusini mwa India, ambao unasifika kwa mahekalu yake na vitambaa vyake vya hariri. Familia yake ilikuwa ya wafumaji wenye kipato kidogo. Ukata ulimlazimu kuacha masomo kwa muda na kufanya kazi ya ukarani katika ofisi ya manispaa. Baadaye alirejea darasani na kujiunga na Chuo cha Pachaiyappa mjini Madras, alikohitimu shahada ya kwanza na kisha ya uzamili katika uchumi na siasa.

Katikati ya miaka ya 1930 alikutana na E. V. Ramasamy, aliyefahamika zaidi kwa jina la Periyar, mwanaharakati aliyepinga mfumo wa matabaka na ukuu wa Wabrahmani katika jamii. Kijana huyo akawa mwanafunzi wake. Alihariri magazeti ya vuguvugu hilo na kuhutubia mikutano, na serikali ya Madras ilipotaka kuifanya lugha ya Kihindi kuwa somo la lazima shuleni, alikuwa miongoni mwa waliofungwa jela kwa kupinga hatua hiyo. Mwaka 1942 alianzisha gazeti lake mwenyewe, Dravida Nadu. Miaka miwili baadaye, katika mkutano wa Salem, Chama cha Haki kilichoongozwa na Periyar kilibadilishwa na kuwa Dravidar Kazhagam.

Hata hivyo, wananchi wengi wa wakati huo hawakujua kusoma, na gazeti halikuweza kuwafikia. Annadurai aliutambua ukweli huo mapema, akageukia tamthilia na baadaye filamu. Mwaka 1949 zilitoka filamu mbili alizoziandika, Nallathambi na Velaikari. Velaikari, yaani mtumishi wa kike wa nyumbani, inamhusu kabaila anayewakamua wadeni wake hadi mmoja wao anajinyonga, na mtoto wa marehemu anarudi kulipiza kisasi. Hadithi hiyo inakamilika kwa ndoa ya mtoto wa kabaila na binti mtumishi. Kwa mtazamaji wa kijijini aliyelipa senti chache kuingia sinema, hayo yalikuwa mafunzo ya siasa yaliyotolewa kwa Kitamil fasaha na chenye vina, ambacho watu walikikariri na kukirudia majumbani.

Njia hiyo ilifuatwa na wengine. M. Karunanidhi aliandika filamu ya Parasakthi iliyotoka mwaka 1952, naye mwigizaji M. G. Ramachandran akawa kipenzi cha umma. Wote wawili walikuja kuwa Mawaziri Viongozi baada yake.

Mwaka huohuo wa 1949, mwalimu na mwanafunzi walitengana. Tofauti zao zilianza kuonekana mwaka 1947, Periyar alipoitangaza siku ya uhuru wa India kuwa siku ya maombolezo, huku Annadurai akiuona uhuru huo kuwa mafanikio ya Wahindi wote. Ndoa ya Periyar na msaidizi wake aliyekuwa mdogo mno kwake kwa umri ilikuwa sababu ya mwisho. Septemba 17, 1949, Annadurai na wenzake walianzisha chama cha Dravida Munnetra Kazhagam, kwa kifupi DMK. Yeye akawa Katibu Mkuu. Kiti cha Rais wa chama kiliachwa wazi kwa heshima ya Periyar, ingawa mzee huyo alikuwa sasa mpinzani wao.

Lengo la awali la chama hicho lilikuwa kubwa na la hatari, nalo ni kuunda nchi huru ya Wadravidi kusini mwa India. Mwaka 1962 DMK ilishinda viti 50 katika Bunge la jimbo, lakini Annadurai mwenyewe alishindwa katika mji wake wa Kanchipuram, akaingia Baraza la Juu la Bunge la India. Mwaka huo ilizuka vita kati ya India na China, na mwaka uliofuata Katiba ilirekebishwa ili kuwazuia wanaotetea kujitenga wasigombee. Annadurai alilazimika kuchagua kati ya kushikilia ndoto hiyo na kukiona chama kikipigwa marufuku, au kuiacha na kuendelea kupigania haki za watu wake ndani ya India moja. Alichagua njia ya pili, akavumilia lawama za waliomwona kuwa amerudi nyuma.

Mapambano ya lugha hayakukoma. Januari 26, 1965 ilikuwa siku ya Kihindi kuwa lugha rasmi ya serikali kuu. Wanafunzi wa Madras waliandamana, baadhi ya watu walijichoma moto na makumi walipoteza maisha katika ghasia zilizofuata. Serikali kuu ilitoa ahadi kwamba Kiingereza kitaendelea kutumika maadamu majimbo yasiyotumia Kihindi yanakihitaji.

Miaka miwili baadaye DMK ilipata viti 137 kati ya 234 na kuking'oa madarakani chama cha Congress. Annadurai aliapishwa Machi 1967. Serikali yake ilihalalisha ndoa za kujiheshimu zinazofungwa bila kasisi, na mwaka 1968 iliondoa Kihindi katika shule za serikali na kubakisha Kitamil na Kiingereza. Ahadi ya kuuza vipimo vitatu vya mchele kwa rupia moja ilikuwa nzito kuliko hazina. Kilitolewa kipimo kimoja tu, tena katika miji ya Madras na Coimbatore. Aidha, Desemba 1968 vibarua 44 wa tabaka la chini, wengi wao wanawake na watoto, waliteketezwa kwa moto katika kijiji cha Kilvenmani kufuatia mgogoro wa ujira. Tukio hilo lilidhihirisha kwamba ukabaila uliolaaniwa katika filamu ulikuwa bado hai mashambani.

Wakati huo saratani ilikuwa imekwisha kumdhoofisha. Alifanyiwa upasuaji New York, akarejea nyumbani kuendelea na kazi. Januari 14, 1969, Jimbo la Madras lilianza rasmi kuitwa Tamil Nadu, jina ambalo mzee Sankaralinganar alilidai kwa mfungo uliomuua mwaka 1956. Annadurai aliishi siku 20 tu chini ya jina hilo.

Alizikwa katika ufukwe wa Marina. Wananchi wanaendelea kumwita Anna, yaani kaka mkubwa, na jina alilolipa jimbo lake ndilo linalotumika hadi leo.