Marehemu Abdulrahman Mohamed Babu, 1924–1996

Tarehe 22 Septemba, 1924, katika kisiwa cha Unguja alizaliwa Abdulrahman Mohamed Babu, mtoto wa ukoo wenye asili ya Kiarabu na ya Kingazija. Visiwa vilikuwa chini ya Sultani Khalifa bin Haroub kwa jina, na chini ya Waingereza kwa amri. Alipokuwa kijana alishika kazi ya ukarani katika Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, na huko aliona kwa macho yake jinsi jasho la mkulima linavyogeuka kuwa faida ya watu wasiopanda wala kuchuma.

Mwaka 1951 alisafiri kwenda London kusoma. Siku zile mji huo ulijaa vijana wa Afrika na Asia waliodai uhuru wa nchi zao, na bila shaka Babu alifaidika kwao zaidi ya alivyofaidika kwa walimu. Huko aliyapokea mafundisho ya Karl Marx, wala hakuyaacha mpaka mwisho wa maisha yake. Wapo Waislamu waliomwogopa kwa sababu hiyo, wakadhani kwamba mtu wa namna hiyo amekwisha kuukana umma wake. Ukweli ni kwamba hakuacha kuwa mtoto wa Unguja, na kazi yake ya kwanza ya siasa aliifanya katika chama kilichosimamiwa na Sheikh Ali Muhsin, yaani Hizbu.

Aliporudi mwaka 1957 alifanywa katibu mkuu wa chama hicho. Uchaguzi wa Julai mwaka huo ulikuwa wa aibu kwa Hizbu, kwani katika viti sita vilivyopigiwa kura hawakupata hata kimoja. Babu akakishika chama kama fundi anayeshika chombo kilichovuja. Alifungua matawi, akawakusanya vijana na wafanyakazi wa bandarini, na kufika Januari 1961 Hizbu ilipata viti 9 katika 22. Katika miaka hiyo pia aliizuru China, jambo ambalo viongozi wachache sana wa Afrika Mashariki walikuwa wamelifanya, na Waingereza wakaanza kumwangalia kwa jicho baya. Mwaka 1962 walimshitaki kwa uchochezi, akafungwa.

Alipotoka mwaka 1963 aliwaona wenzake wakizidi kuitegemea asili na kabila. Basi akajitoa, akaunda Chama cha Umma. Uchaguzi wa Julai 1963 uliacha uchungu mkubwa: Chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu, na muungano wa Hizbu ukapata 18. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Desemba. Haukupita mwezi, Serikali ya Muhammad Shamte ikakipiga marufuku Chama cha Umma, na Babu akakimbilia Dar es Salaam.

Kwa hiyo usiku wa mapinduzi, tarehe 12 Januari, 1964, hakuwako Unguja. Aliyetangaza habari zile kwa redio alikuwa John Okello, mtu wa Lango hapa Uganda, ambaye baada ya miezi michache alifukuzwa visiwani. Babu alirudi pamoja na Sheikh Abeid Karume na Kassim Hanga, akapewa uwaziri wa mambo ya nje. Watu wengi waliuawa katika siku hizo, wengi wao Waarabu, na wengine walipoteza mali na nchi. Mtu anayemsifu Babu hana budi kulikumbuka jambo hili pia, kwamba alikuwa waziri wa serikali iliyozaliwa katika damu ile, na miongoni mwa walioumia walikuwamo watu aliowahi kuwaita ndugu katika chama kimoja.

Muungano wa Aprili 1964 ulimhamishia Bara. Akiwa waziri wa biashara na ushirika, na baadaye wa mipango ya uchumi, alikuwa miongoni mwa waliofungua mlango wa China. Katika urafiki huo ndipo kilipojengwa kiwanda cha nguo cha Urafiki, na ndipo ilipokuja reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, yenye urefu wa kilomita 1,860, iliyojengwa tangu 1970 hadi 1975 kwa mkopo usio na riba. Wakaazi wa Namuwongo, ambao reli hupita katikati ya nyumba zao, wanajua kwamba njia ya chuma haijengwi kwa maneno matupu. Desemba 1964 alisimama pia mbele ya Wamarekani weusi huko Harlem, akialikwa na Malcolm X.

Februari 1972 Rais Nyerere alimwondoa katika uwaziri. Tarehe 7 Aprili Sheikh Karume akapigwa risasi akafa, na waliotuhumiwa wengi walikuwa watu wa Umma wa zamani. Babu alikamatwa katika mwezi ule ule. Unguja ilidai akabidhiwe. Mwaka 1969 Hanga na Othman Shariff walikabidhiwa namna hiyo hiyo wakauawa, na Babu alikuwa angali waziri. Safari hii Nyerere alikataa. Hivyo yaliyowafika wale wawili yakawa kinga ya huyu. Mahakama ya Unguja, ambayo haikuwaruhusu washitakiwa kuwa na mawakili, ilimhukumu kifo mwaka 1974 bila yeye kuwapo. Alikaa gerezani Bara miaka sita bila kesi, chini ya sheria ya kuweka watu kizuizini ambayo serikali yake mwenyewe iliitumia kwa wengine. Humo gerezani alikuwa akiandika, na kitabu chake juu ya ujamaa wa Afrika kilitoka mwaka 1981.

Alifunguliwa mwaka 1978. Akafundisha katika vyuo vya Marekani, kisha akahamia London mwaka 1984, akiandika magazetini na kuwapokea vijana wa Afrika nyumbani kwake. Watu wa Kampala walimwona Aprili 1994, ulipofanyika hapa Mkutano wa Saba wa Umoja wa Waafrika, ambao yeye alikuwa mmoja wa waliouandaa. Wajumbe walikuwa bado wamo mjini yalipoanza mauaji ya Rwanda, nchi jirani.

Mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka sabini na zaidi, alijaribu kurudi katika siasa za Tanzania kwa upande wa upinzani, lakini hakupewa nafasi. Alifariki London tarehe 5 Agosti, 1996. Maiti yake ilirudishwa nyumbani, ikazikwa Unguja, katika kisiwa ambacho miaka ishirini na miwili kabla yake kilikuwa kimemhukumu kifo.