Marcel Lihau, mwalimu wa sheria aliyepoteza kiti juu ya wanafunzi

 

Mnakumbuka katika mkutano wa mwisho tulibishana sana. Katika sanduku la masomo kulikuwa na franka kidogo, na vijana wawili waliomba tuwasaidie minervali wasome sheria iniversite. Mmoja alisomea hapa hapa, mwingine alimaliza sekondari kambini Nyarugusu, kule Tanzania. Wazee kadhaa walikataa: mabati kwanza, mbegu kwanza, na tena watu wa sheria wanajulikana kwa kula pesa ya maskini. Mama mmoja aliuliza kama katika inchi hii kuna hata mtu mmoja wa sheria aliyejitoa juu ya vijana. Tulinyamaza. Halafu tuliahidi kujibu katika gazeti hili, na jibu letu ni Marcel Lihau.

Alizaliwa tarehe 29 Septemba 1931 Bumba, kando ya mto. Ni maji yetu haya haya: yanapita Kasongo Rive, yanapita Kindu, yanashuka Kisangani, halafu yanafika kwao. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanane. Mwenye kuwa mkubwa wa nyumba ya watoto wanane anajua maana yake bila sisi kueleza.

Wakati ule Wabelgiji hawakutaka Mkongomani asome sheria. Ualimu, ndiyo. Upadri, ndiyo. Kuwa karani au msaidizi wa daktari, ndiyo. Lakini sheria ilikuwa kitu kingine, maana mtu aliyeijua angeweza kuuliza kwa nini anachapwa, kwa nini analipishwa, ni karatasi gani inayomruhusu mtawala kumhamisha na kijiji chake. Hata mlango wenyewe ulikuwa na kufuli. Ili kuingia kitivo cha sheria cha Louvain, Ubelgiji, ilipaswa kushinda mtihani wenye Kilatini na Kigiriki, na shule alizopitia kijana wa Kongo hazikumtayarisha kwa mtihani ule.

Lihau aliingia kwa sababu watu walimpa saa zao. Mapadri Wajesuiti kadhaa, pamoja na Willy De Craemer aliyekuwa mtaalamu wa elimu ya jamii, walikaa naye wakamfundisha Kilatini, Kigiriki na Kiflamandi mpaka akashinda. Tunaomba msome hapo polepole, hasa ninyi wafadhili. Kazi ile haikuwa mradi wenye ripoti na picha. Ilikuwa meza, vitabu, na mtu mzima anayerudia somo lile lile na kijana mmoja. Alikuja kuwa mmoja wa Wakongomani wa kwanza kabisa kusoma sheria, na Januari 1963 akapata udaktari wake kwa sifa.

Lakini kabla hajamaliza, siasa ilimkuta. Mwanzoni mwa 1960 wanasiasa wa Kongo waliitwa Brussels kwenye Meza ya Duara, kila mmoja na chama chake, kila mmoja na kabila lake nyuma. Wanafunzi Wakongomani waliokuwa Ubelgiji, Lihau akiwa kati yao, waliwasukuma wakubwa wale waunde kundi moja na waseme neno moja mbele ya serikali ya Ubelgiji. Wakafanya hivyo, na tarehe ya uhuru ikapatikana: 30 Juni. Siku ile ilipofika, Wakongomani waliokuwa na diploma ya iniversite hawakufika 30 katika inchi nzima. Majaji wa mahakama kubwa wote walikuwa Wazungu, na miezi michache baadaye wengi wao walikuwa wamekwisha kwenda. Inchi ikabaki na magereza na sheria, bila watu wa kuzisoma.

Mwaka huo huo walimwita kazini upande wa haki katika serikali ya muda ya wasomi vijana, na wakamtuma pia kuzungumza na viongozi waliokuwa wamejitenga na serikali. Halafu alirudi kwenye masomo. Mwaka 1963 akawa mkuu wa kitivo cha sheria cha Lovanium, juu ya kilima cha Mont Amba, Léopoldville. Alikuwa na miaka 32 hivi. Mlango aliopita yeye kwa kusukumwa na mapadri, sasa yeye ndiye alishika ufunguo wake, na aliufungua. Vijana wa Kongo walianza kutoka pale kuwa majaji, avoka na watu wa parke.

Kati ya Januari na Aprili 1964 alikuwa katibu mkuu wa tume iliyoandika katiba kule Luluabourg, mji tunaouita leo Kananga. Katiba ile ilipigiwa kura Juni na Julai, ikatangazwa tarehe 1 Agosti 1964. Ndiyo iliyoipa inchi jina la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na katika orodha ya mikoa yake 21, Maniema ilikuwamo. Sisi wa hapa hatukuiona ikifanya kazi. Julai ile ile Simba waliingia Kindu, na wazee wetu wa Kasongo na Kabambare wanakumbuka mwaka 1964 kama mwaka wa kukimbilia pori. Miaka miwili baadaye Maniema ikarudishwa ndani ya Kivu, ikabaki humo mpaka 1988.

Hatutaki kumfanya malaika. Mobutu alipochukua utawala Novemba 1965, alimwomba Lihau amwandikie katiba mpya, naye akaiandika. Katiba ya 1967 ilimpa rais nguvu nyingi kupita kiasi, na inchi ililipa deni la nguvu zile kwa miaka 30. Sisi tunaona alidhani sheria nzuri inaweza kumfunga mtu mwenye bunduki kama mtu huyo anakubali kuisaini. Wasomi wengi wa umri wake walidhani vile. Kosa hilo lilimfundisha, na alilipa yeye mwenyewe.

Mwaka 1968 akawa Rais wa Kwanza wa Mahakama Kuu ya Haki, mtu wa kwanza kabisa kukaa katika kiti hicho. Kwa miaka saba alirudia jambo moja, kwamba jaji hapaswi kupokea amri kutoka kwa chama wala kwa rais. Miaka ile ilikuwa mibaya kwa wanafunzi. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana juu ya pesa zao za masomo, askari wakawapiga risasi. Walipotaka kuwakumbuka wenzao 1971, wakaingizwa jeshini kwa nguvu. Mwaka 1974 katiba ilibadilishwa na mahakama zikawa mkono wa MPR, kama vile jaji ni katibu wa chama tu.

Ndipo ikaja 1975. Wanafunzi walikuwa wameandamana tena, na amri ikatoka wapewe adhabu kali. Ilibaki Rais wa Mahakama Kuu aitekeleze. Fikirini nafasi yake: nyumba ya serikali, gari, mshahara, watoto wa kulisha, na mbele yake mtu asiyependa kukataliwa. Angeweza kuweka saini na kujiambia kwamba si yeye aliyetoa adhabu. Alikataa. Mobutu akamwondoa mara moja.

Hapo ndipo jibu letu kwa yule mama. Lihau hakuwa avoka wa kusimama kila siku tribinali akitetea mwizi wa mbuzi. Alikuwa mwalimu na jaji. Lakini vijana walipokuwa mbele ya mahakama bila mtu, mtu aliyesimama upande wao ndiye aliyekuwa na mengi zaidi ya kupoteza, na aliyapoteza.

Baadaye aliingia UDPS, chama kilichozaliwa 1982 wakati chama cha pili kilikuwa marufuku. Alisumbuliwa, na mwaka 1985 akakimbia inchi akaenda Marekani. Iniversite ya Harvard ikampa kazi ya kufundisha sheria ya katiba. Wengi wenu mlikimbia kupitia Fizi na ziwa, na sanduku kichwani. Yeye alikimbia kwa ndege, hatusemi ni sawasawa. Lakini kukaa katika inchi ya watu na kusikiliza redio kila usiku kama kwenu kuna habari, hilo halina daraja la kwanza wala la pili. Mwaka 1990, Mobutu alipokubali vyama vingi, Lihau alirudi. Angeweza kubaki Harvard mpaka uzee. Alirudi kwenye mikutano isiyokwisha ya kujadili inchi, mpaka ugonjwa ulipomrudisha Marekani kutafuta dawa.

Huko alikufa tarehe 9 Aprili 1999, juma moja baada ya kifo cha Sophie Kanza, ambaye alimuoa 1964 na ambaye alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kongo kumaliza iniversite na kuwa waziri. Habari ile hapa haikusikika. Aprili 1999 Maniema ilikuwa mikononi mwa RCD, na wengi wa wanachama wetu walikuwa porini au tayari ng'ambo ya Tanganyika.

Sasa turudi kwenye sanduku. Sisi tunaozunguka vijijini kila mwezi tunaona kinachowapata wanaorudi. Mtu anakuta shamba lake lina mwingine, wanagombana, polisi inafika, na yule aliyerudi ndiye anayeingia kasho kwa sababu hana karatasi. Anawekewa PV ya Kifransa, anatia kidole. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inasema mtu hawezi kukaa mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mwenye uwezo wa kisheria, na aelezwe sababu kwa lugha anayoifahamu. Tumeona watu wakikaa siku tisa, kumi. Familia inauza kuku, inauza baiskeli, na mwisho inauza shamba lenyewe lililoleta ugomvi. Bati walilopewa na sisi linauzwa pia. Tumelihesabu hilo katika vitabu vyetu, bati zima na misumari yake.

Kwa hiyo mashauri yetu, na mnaweza kuyakataa: tulipie mwaka wa kwanza wa vijana wote wawili, nusu kutoka sandukuni na nusu tuombe kwa wafadhili wanaosoma haya. Wakati wa likizo watarudi hapa kukaa na familia zenye mtu kasho, kusoma PV na kuzieleza kwa Kiswahili kabla kidole hakijawekwa. Kuhusu mbegu, tulikwisha kutenga fungu lake, haliguswi. Na kwa Kilatini msihofu, siku hizi hakiulizwi tena, ila Kifransa cha mmoja wa vijana hawa bado ni kigumu. Mwalimu mmoja aliyestaafu, mwanachama wetu, amekubali kumfundisha jioni bila malipo, akipewa tu mafuta ya taa.

Mkutano utapokea maneno yenu kwanza, ya kukubali na ya kukataa, halafu tutapiga kura. Wenye mko mbali, tumeni neno lenu kwa mjumbe wa kijiji chenu.