Kabla ya Omanyala kulikuwa na Antao, na alitoka huku kwetu Pwani

Kama ulikuwa na simu na bundles Agosti 2022, najua ile video uliitazama zaidi ya mara moja. Ferdinand Omanyala, Birmingham, mita 100, sekunde 10.02, dhahabu. Hata wasee wa boda hapa steji ya Garsen, ambao kawaida hubishana tu kuhusu Arsenal na Man U, wiki hiyo walikuwa na stori moja.

Lakini kuna kitu kilipita haraka hukukiskia. Mara ya mwisho Mkenya kushinda mbio fupi kama hizo kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ilikuwa 1962. Miaka 60 kabla. Na huyo mtu hakutoka Iten wala Kapsabet. Alitoka Mombasa, mji uleule unaoshukia ukipanda basi hapa Garsen ukapita Malindi na Kilifi. Jina lake Seraphino Antao.

Usijilaumu kama hulijui. Mimi mwenyewe nimelijua nikiwa mtu mzima, na hakuna mwalimu aliyenitajia.

Antao alizaliwa Oktoba 1937, Mombasa, katika familia ya Wagoa. Wagoa ni Wakatoliki ambao asili yao ni Goa, pwani ya India, iliyokuwa chini ya Wareno kwa miaka mingi. Kenya ya wakati huo ilikuwa imepangwa kama kabati: droo ya Wazungu, droo ya Wahindi, droo ya Waafrika. Shule mbali, hospitali mbali, mpaka klabu za michezo mbali. Kijana Mgoa alisoma shule ya Wagoa na akacheza na Wagoa wenzake. Antao naye alisoma hukohuko, Mombasa.

Sasa, kilichombadilisha si muujiza. Ni kocha. Mwingereza mmoja, Ray Batchelor, alimwona, akamchukua, akamfundisha. Kwenye mbio fupi hilo si jambo dogo. Mbio za masafa marefu unaweza kuanza peke yako, unakimbia tu ukienda shule na kurudi. Mbio fupi ni kama ufundi wa gereji. Kuna jinsi ya kuinama pale mwanzo, kuna jinsi ya kusukuma hatua kumi za kwanza, kuna jinsi ya kulegeza mabega wakati kila mtu anakaza. Usipofundishwa, kasi yako inaishia kusifiwa kijijini tu.

Na pesa je? Hakuna. Zama hizo mwanariadha hakuruhusiwa kulipwa kwa kukimbia. Ukipokea hela unafungiwa. Kwa hiyo ulitafuta riziki kivyako, mazoezi ukayafanya kwa muda uliobaki, kwenye jua na unyevu wa Mombasa ambao unaujua.

Mwaka 1958 alienda Cardiff, Wales, kwenye Michezo ya Madola. Hakurudi na kitu. Kenya ilipata shaba zake mbili za kwanza pale kupitia Arere Anentia na Bartonjo Rotich, lakini Antao aliondoka mikono mitupu. Miaka miwili baadaye akaenda Olimpiki ya Roma, mita 100 na 200. Tena hakuna medali. Hebu fikiria mtu wa leo, posti mbili tu hazijapata likes anafuta akaunti. Huyu alikuwa na miaka minne ya kujaribu, safari mbili kubwa, na kabatini hakuna kitu. Akarudi Mombasa, akaendelea.

Halafu ukaja 1962.

Kwanza alienda London, kwenye mashindano ya taifa ya Waingereza ambayo enzi hizo yalikuwa wazi kwa wageni. Akachukua yadi 100. Akachukua na yadi 220. Yaani aliingia sebuleni kwa mwenye nyumba akaketi kwenye kiti chake. Kumbuka Kenya bado ilikuwa koloni la hao hao.

Novemba ikafika, safari ya Perth, Australia. Kama unadhani Garsen kuna joto, sikiliza hii. Wakati wa michezo ile Perth ilipigwa na joto la kufika karibu digrii 40. Wanajeshi walipewa kazi ya kupeleka maji ya kunywa kwa wanamichezo. Watu kutoka nchi za baridi walikuwa wanayeyuka. Kijana wa Mombasa alikuwa na shida moja tu, naye alikuwa Harry Jerome.

Jerome alikuwa Mkanada, na alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakishikilia rekodi ya dunia ya mita 100, sekunde 10 kamili. Kwenye makaratasi, dhahabu ilikuwa yake. Bunduki ikalia, fainali ya yadi 100, kama mita 91 na nusu hivi. Katikati ya mbio msuli wa paja la Jerome ukachanika vibaya sana na mbio zake zikaishia hapo. Antao hakuwa na muda wa kutazama pembeni. Sekunde 9.5 na amemaliza, mbele ya Tom Robinson wa Bahamas.

Kuna wale watasema alibahatika kwa sababu Jerome aliumia. Sawa, tuseme hivyo. Lakini bado zilikuwepo yadi 220, na huko akashinda tena, sekunde 21.1. Bahati huja mara moja. Ya pili unaitafuta kwa miguu yako.

Hizo ndizo dhahabu za kwanza za Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Elewa uzito wake. Kabla ya Kipchoge Keino, kabla ya Kipchoge wa marathon, kabla dunia haijazoea kuona Wakenya mbele, dhahabu ya kwanza ililetwa na mtimkaji wa mbio fupi kutoka usawa wa bahari. Ile hadithi unayoambiwa kwamba riadha ni ya watu wa milimani tu, mwanzo wake ni Pwani.

Desemba 1963 Kenya ikapata uhuru. Oktoba 1964 ikaenda Tokyo, Olimpiki yake ya kwanza kama nchi huru. Swali likawa, nani abebe bendera mpya? Nyeusi, nyekundu, kijani, ngao na mikuki. Ilibebwa na Seraphino Antao.

Tulia hapo kidogo. Wakati huo Wahindi wengi nchini walikuwa wanajiuliza kama wana nafasi katika Kenya mpya, na wengine walikuwa wakiulizwa hivyo usoni. Wewe kijana wa Tana River unalijua hilo swali. Umewahi kupeleka maombi ya kitambulisho ukaulizwa babu yako alizikwa wapi, na aliyetangulia kwenye foleni, mwenye jina la kwao huko, hakuulizwa chochote. Basi mbele ya dunia nzima, aliyetembea mbele ya Wakenya wote na bendera mkononi alikuwa mtoto wa wahamiaji aliyezaliwa Mombasa. Hakuna aliyemwomba cheti cha babu.

Kimichezo lakini, Tokyo haikwenda vizuri. Alikuwa mgonjwa, mwili haukuitika, na hakufika fainali. Medali ya kwanza kabisa ya Kenya kwenye Olimpiki ikaenda kwa Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800. Hapo ndipo njia zikagawanyika. Kenya ikafuata mbio ndefu na za masafa ya kati, miaka minne baadaye Mexico ikavuna dhahabu, na mbio fupi zikaachwa kama mtoto wa kambo. Antao akastaafu akiwa bado kijana, akahamia London, akaishi maisha ya kawaida. Alifariki hukohuko Septemba 2011, akiwa na miaka 73.

Nimejiuliza mbona tulimsahau. Nadhani ni kwa sababu hakuingia kwenye picha tuliyojichorea. Mkimbiaji wa Kenya lazima awe mwembamba, atoke juu, aende kilomita nyingi. Antao hakufanana na picha, kwa hiyo tukabaki na picha tukamwacha mtu.

Na hapo ndipo stori hii inakuhusu wewe. Ukienda jioni kwenye viwanja vya huku, Garsen, Idsowe, Minjila, utaona vijana wanaokimbiza mpira pembeni mwa uwanja kwa kasi ya kutisha. Mto ukifurika uwanja unakuwa dimbwi, mto ukishuka unakuwa vumbi, na bado wapo. Kasi ipo. Asichokuwa nacho ni Batchelor wake, mtu mmoja wa kusema njoo kesho saa kumi na moja, na keshokutwa pia.

Omanyala mwenyewe alianzia raga mpaka watu wakamwambia ajaribu mbio. Ilichukua miaka 60 kati yake na Antao. Wenye mbio hawakuisha katikati hapo. Hawakuonekana tu.

Kwa hiyo leo jioni ukimwona huyo dogo anayeacha wote nyuma pale uwanjani, usimshangilie tu halafu ukaenda zako. Hesabu hatua, weka alama mbili chini, washa saa ya simu yako. Mpime. Kisha mwambie kulikuwa na mtu wa huku Pwani aliyeanza hivihivi, na mtajie jina.