Kasisi Gilbert White na Mbayuwayu wa Bustani Yake

Bila shaka mmewaona mbayuwayu wanavyojipanga juu ya nyaya za umeme mvua zinapokaribia. Hufika yapata mwezi wa Oktoba, hurukaruka juu ya paa zetu wakikamata wadudu, na ifikapo Aprili hutoweka. Leo twapenda kuwasimulia habari za kasisi mmoja wa Kanisa la Uingereza aliyekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Kasisi huyo aliwaangalia ndege hao karibu maisha yake yote, wakija na wakiondoka, naye hakupata kujua kwa hakika walikokwenda.

Gilbert White alizaliwa tarehe 18 Julai 1720 katika nyumba ya kasisi, kijijini Selborne, mkoa wa Hampshire, kusini mwa Uingereza. Kasisi mwenyewe alikuwa babu yake, ambaye pia aliitwa Gilbert White. Baba yake alikuwa mwanasheria, na Gilbert alikuwa mkubwa katika nyumba ya watoto wengi. Alisoma katika Chuo cha Oriel huko Oxford, akapata shahada yake mwaka 1743, na mwaka 1749 akapewa daraja la ukasisi.

Hapo ndipo lilipoanza jambo lililomsumbua. Alipenda Selborne kuliko mahali pengine popote, lakini hakuweza kuwa kasisi mwenye parishi hiyo. Kwa desturi za wakati ule, haki ya kumweka kasisi wa Selborne ilikuwa mikononi mwa Chuo cha Magdalen, naye alikuwa mtu wa Oriel. Basi akatumika kama kasisi msaidizi, miaka mingi katika parishi jirani ya Farringdon, na mara kadhaa pale pale Selborne, akizika na kubatiza kwa niaba ya wengine. Mwaka 1757 alijaribu kuchaguliwa kuwa mkuu wa chuo chake, akashindwa. Alipewa pia parishi ya mbali iitwayo Moreton Pinkney, akaipokea, lakini akamlipa kasisi mwingine aifanye kazi huko, naye akabaki nyumbani. Jambo hilo liliruhusiwa siku zile. Sisi hatulisifu, wala hatuoni sababu ya kulificha.

Hakuoa. Aliishi katika nyumba ya familia iliyoitwa The Wakes, ambayo nyuma yake ilikuwa na bustani, na nyuma ya bustani kilima kirefu chenye msitu. Mwaka 1751 alianza daftari la bustani, akiandika mbegu gani ilipandwa siku gani, na samadi kiasi gani ilitumika. Alitaka sana kupata matango na matikiti, mimea inayopenda joto, katika nchi ambayo baridi yake yaweza kuua mche kwa usiku mmoja. Njia yake ilikuwa kurundika samadi mbichi ya farasi. Samadi inapooza hutoa joto jingi. Juu yake aliweka udongo, na juu ya udongo akafunika kwa fremu za kioo. Wale kati yenu waliowahi kuunguza miche ya nyanya kwa samadi isiyoiva wataelewa kwamba kazi hiyo yataka mkono wenye kipimo. Alikuwa pia mtu wa mzaha kidogo. Alipotaka sanamu ya Herkule kama zile za mabwana wakubwa, na fedha za sanamu ya jiwe hana, alisimamisha bustanini umbo la ubao lililopakwa rangi. Kwa mbali lilitosha.

Katika nchi ile majira ya kuchipua ni jambo kubwa kuliko sisi tuwezavyo kudhani. Kwa miezi mingi miti husimama mitupu kama mibuyu yetu wakati wa kiangazi. Kisha, hata theluji haijayeyuka, maua madogo huchomoza kutoka katika vitunguu vilivyolala chini ya udongo. Moja ya hayo ni krokasi. Kasisi White aliona kwamba ziko krokasi za namna mbili, zinazofanana kiasi kwamba wataalamu wa siku zake walizihesabu karibu kuwa jamaa moja. Lakini moja huchanua katika baridi ya mwanzo wa mwaka, na nyingine husubiri hadi majani ya miti yanapopukutika. Udongo wao ni mmoja na jua lao ni moja. Kwa nini basi hii iharakishe na ile ichelewe? Aliliuliza swali hilo katika barua zake, asijifanye ana jibu.

Tangu mwaka 1768 aliandika shajara ya kila siku: joto na baridi, upepo, mvua, ua lililofunguka, ndege aliyesikika mara ya kwanza mwaka huo. Aliendelea hivyo kwa miaka 25, hadi mwezi ule ule aliokufa. Wataalamu wengi wa siku zake walisoma ndege waliokufa, waliokaushwa na kuwekwa kabatini. Yeye aliwatazama wangali hai, na kuwasikiliza. Kulikuwa na ndege wadogo wa rangi ya majani makavu, ambao watu waliwaona wote kuwa wamoja. White aliwasikiliza wanavyoimba, akatambua kwamba ni aina tatu mbalimbali. Alikuwa pia mtu wa kwanza wa Uingereza kueleza habari za panya mdogo sana wa mashamba ya ngano. Aliwaweka wawili katika mizani, wakalingana na sarafu moja ya shaba. Siku nyingine alichukua baragumu kubwa la kusemea, akapaza sauti karibu na mizinga ya nyuki ili ajue kama wanasikia. Nyuki waliendelea na kazi zao kana kwamba hakuna mtu.

Lakini jamaa ya mbayuwayu ndiyo aliyoipenda kupita wote. Aliona jinsi wale wanaojenga chini ya kingo za paa wanavyofanya kazi ya udongo: hujenga asubuhi tu, kiasi cha nusu inchi kwa siku, kisha huacha udongo ukauke na kushika kabla ya kuongeza tabaka jingine. Yeyote aliyekandika nyumba anajua ukuta unaoharakishwa unavyoporomoka. Aliona pia wazazi wanavyowalisha makinda, tangu kupambazuka hadi giza.

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Wakati ule watu wasomi walibishana vikali. Wengine walisema mbayuwayu huvuka bahari na kwenda nchi za joto. Wengine walishikilia kwamba hubaki hapo hapo, wakilala usingizi mzito katika mashimo ya miti na magenge, hata chini ya maji ya mabwawa, hadi joto lirudi. Bwana Daines Barrington, ambaye White alimwandikia barua nyingi kuanzia mwaka 1769, alikuwa mmoja wa watetezi wa hoja ya usingizi. Kwa upande mwingine, ndugu yake White aitwaye John alikuwa kasisi wa askari huko Gibraltar, mahali Ulaya na Afrika zinapokaribiana, na kutoka huko alimletea habari za mbayuwayu wakivuka mlango wa bahari.

Ungedhani ushahidi wa ndugu ungetosha. Haukutosha. White aliamini kwamba wengi huondoka, lakini hakuweza kusahau kwamba mara nyingine, katika siku moja yenye jua mwezi wa Novemba, wakati wote wamekwisha kwenda, mbayuwayu mmoja wawili walionekana tena juu ya kijiji. Walitoka wapi? Tena bustanini mwake alikuwa na kobe aitwaye Timothy, aliyemrithi kwa shangazi yake mwaka 1780, na kobe huyo alijifukia udongoni kila mwaka na kulala miezi yote ya baridi. (Baadaye gamba lake lilipochunguzwa huko London ikajulikana kwamba Timothy alikuwa jike; hata mtazamaji hodari huyu alipitwa na jambo lililokuwa likitambaa mbele ya mlango wake.) Twadhani mtu aliyezoea kumwona kobe akifufuka udongoni kila mwaka hakuona ajabu kwamba ndege nao wangeweza kulala. Basi mwaka 1781, kabla mbayuwayu hawajarudi, aliweka vibarua wachunguze vichaka na mashimo ya kilima kile nyuma ya nyumba. Hawakupata hata ndege mmoja. Aliandika hivyo hivyo kwamba hawakupata, na swali akaliacha wazi.

Barua zake alizikusanya kuwa kitabu juu ya mambo ya asili na ya kale ya Selborne, na ndugu yake Benjamin, aliyekuwa mchapishaji London, akakitoa mwishoni mwa mwaka 1788, ingawa ukurasa wa kwanza una mwaka 1789. Kitabu hicho kimechapishwa tena na tena hadi leo. Mwandishi wake alikufa nyumbani tarehe 26 Juni 1793, akiwa angali kasisi msaidizi, akazikwa katika uwanja wa kanisa chini ya jiwe dogo lenye herufi mbili za majina yake na tarehe tu. Ndani ya kanisa kuna dirisha la vioo vya rangi la kumkumbuka, linalomwonyesha Mtakatifu Fransisko pamoja na ndege.

Jibu lilikuja polepole. Mwezi wa Mei 1911 mtu mmoja huko Staffordshire, Uingereza, alimfunga mbayuwayu pete ndogo mguuni. Desemba 1912 ndege yule yule alikamatwa Natal, Afrika ya Kusini. Leo twajua kwamba mbayuwayu wa Uingereza huvuka Jangwa la Sahara na kufika hadi huko kusini, na kwamba ndugu zao wa aina ile ile, kutoka sehemu nyingine za Ulaya na kutoka Asia, ndio hawa wanaokuja kwetu. Katika miezi ambayo vibarua wa White walikuwa wakipekua kilima, mbayuwayu walikuwa wakiruka juu ya ng'ombe wa babu zetu. Nabii Yeremia, katika sura ya 8, aliona zamani kwamba ndege huyu anayajua majira yake. Alikokwenda hakutuambia.

Nasi tuna la kukiri. Katika miaka ya 1980, tulipokuwa tumetoka chuo cha ualimu si muda mrefu, tulifundisha darasa la tano katika shule iliyozungukwa na majabali. Siku moja ya Aprili binti mmoja aliuliza mbayuwayu wamekwenda wapi. Hatukujua. Lakini mwalimu kijana mbele ya watoto hamsini huona haya kusema hajui, basi tukamjibu kwamba wamejificha katika nyufa za majabali. Akaandika hivyo daftarini mwake, nasi tukamtilia alama ya vema.

Baada ya miaka mingi tulisoma habari za kasisi huyu, tukaona haya upya. Binti yule sasa ni mama mwenye wajukuu, na mwaka jana tulikutana naye katika harusi. Tukamweleza kwamba tulimdanganya. Alicheka sana. Akatuambia kwamba alijua tangu wiki ile ile, kwa maana jioni alikwenda na kaka yake wakapanda majabali yote nyuma ya shule wakiwa na kijiti cha kuchokolea nyufa, wakakuta popo na mjusi mmoja, na mbayuwayu hakuna.